Fasi Mayi Itatokea

Fasi alizaliwa, mahali gani, sijui. Baba yake alikuwa nani, sijui, na sikuulizaka. Yeye mwenyewe, mutu akimuuliza, alikuwaka anajibu, "Nilikuja mubichi kama weye, sasa nimekauka," kisha anarudi ku simenti yake. Kwetu Bulengera, hapa Butembo, tulimuitaka paka Muzee Sanamu, jina ile tu. Batoto, bakubwa, ata shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, wakati iko anamutukana: Muzee Sanamu.

Nyumba yake na yetu ilikuwa inaachana na lupango moja tu, uzio ya miti. Miye niko motard, nabeba batu ku moto, ile pikipiki. Masomo yangu iliishia mwaka wa sita ya primaire. Siku ya proclamation, ya kusoma matokeo, nilirudi na certificat, mutu mwingine alirudi na viatu vyangu. Donc usinitafutie hapa Kifaransa ya mingi. Mais lakini Muzee nilimubeba ku moto yangu myaka mingi, yeye na mifuko yake ya simenti na vyuma vyake. Siku moja nilibeba kichwa ya simba, nimeifunga na kamba nyuma yangu, nimeifunika na koti ya mvua juu isilowe. Ku barrière, kizuizi ya barabara, askari ananisimamisha. "Ndeko, huyu mwenzako, carte yake iko wapi?" Nikafunua koti. Askari akaangalia simba, simba akamuangalia. "Pita," anasema.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanamu ya simenti ku barobine ya kartie, fasi batu banachotea mayi. Bafundi bengine banasimamisha tiyo, bomba ya mayi, banaweka robine, banaenda kula. Yeye alitaka mayi itoke mu kitu. Mu nyama, mu mutu, mu kitu iko na mwili. Na kitu alikuwa anatafuta mu maisha yake, alinisemea mpaka nikachoka: sanamu moja yenye batu batachota mayi kwake bila kugombana nayo, na itabaki imesimama. Moja tu. Juu zingine zote batu walizikataa, ama walizivunja.

Alikuwa mufupi, na kope zake zilikuwa nyeupe juu ya vumbi ya simenti, ungefikiri alianza kuzeekea ku macho. Siku zote alivaa koti ya suti, ata akiwa anachanganya muchanga. Koti ile moja, ya bulu ya zamani. Mama yangu alikuwaka anasema ile koti Muzee akiivua haitaanguka, itasimama peke yake na itaenda misa.

Alikuwa na tabia moja mubaya: kuangalia batu. Hapana kuangalia vile miye na weye tunaangalia. Aliangalia vile mama wa soko anaangalia mbuzi kama iko na nyama. Unamuambia jambo ya maana, mutu amekufa, bei ya essence ya moto imepanda, yeye macho iko ku sikio yako.

"Muzee, unanisikia?"

"Nakusikia. Geuka kidogo."

Na kitu alikuwa anaangalia, siku moja utaikuta fasi. Sikio yangu ya kushoto iko ku Butembo hapa, ku mulango wa nyumba ya mutu mwenye anauza kahawa, ku kichwa ya mutoto wa simenti mwenye kushika kitabu. Njo mara moja tu sikio yangu ilikaribia kitabu.

Pua ya mama yangu aliiweka kwa malaika, ku parokia. Mama aligundua siku ya yenga, Jumapili, katikati ya misa. Alirudi nyumbani na kitambaa ya kichwa imepinda, akasimama ku lupango.

"Muzee Sanamu! Nani alikupatia pua yangu?"

"Pua gani, mama?"

"Ile iko kwa malaika! Batu wote bananigeukia wakati wa komunyo!"

"Mama, pua yako naiona iko hapo ku uso yako. Sikuitosha, sikuichukua."

"Ulinikopia!"

"Ngoja ikauke, mama. Ngoja ikauke kwanza."

Ile "ngoja ikauke" njo ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Bibi na bwana banapigana: ngoja ikauke. Redio inasema serikali itafanya hivi na hivi: ngoja ikauke. Mi mwenyewe nilimuambia nimepata mutoto mwanamuke wa kuoa, ku Kanyabayonga, muzuri sana. Akasema ngoja ikauke. Ikakauka, akaolewa na mwenye camion ya mizigo.

Kwa mambo ya pua, mama yangu alikasirika sana. Alikatala kumupatia Muzee makala ya moto asubui. Kisha tukaona ameanza kwenda ku misa ya katikati ya juma, yeye mwenye alikuwa anaenda paka yenga. Na anakaa upande moja tu, upande wa malaika. Mi sikusema kitu. Nakula kwake.

*

Sasa nikuambie juu ya Kolege.

Mu nyumba ya Muzee, juu ya kitanda, kulikuwa karatasi moja ya kalandriye, kalenda ya zamani. Padri mumoja Muzungu mwenye alirudiaka kwao njo alimuachia. Ku karatasi kuko picha ya mugini moja ya Italie, na katikati ya mugini kuko mayi inaruka, na mu mayi kuko batu ya shaba na majiwe: muzee mukubwa iko uchi, mafarasi, bamama benye mukia ya samaki, batoto banono banashika masamaki. Mayi inatoka fasi yote. Padri alimuelezea kama mutu mwenye alifanya ile kazi aliishi zamani sana, wakati wafalme ya kule walikuwa banashindana nani ataweka mayi ya muzuri mu mugini yake, na bafundi banaitwa kutoka mbali. Jina Padri aliisema, mais Muzee hakuishika. Yeye alimuita Kolege, maana mwenzake wa kazi.

"Kolege hakukuwaka na shida ya muchanga," anasema, akiwa anachunga muchanga yenye iko na vipande ya miwa ndani. Ama: "Kolege alikuwa na mufalme. Miye niko na shefu wa kartie."

Mi nikiwa bado mugeni ku mambo yake, nilifikiri huyu Kolege anaishi Goma. Siku moja Muzee alikuwa anahangaika na mukono ya sanamu, vidole vinaanguka, nikamuambia, "Si umupigie Kolege telefone?"

Akaniangalia ku sikio.

"Alishakufaka mbele ya koko ya koko yako azaliwe."

"Pole," nikasema. Nilikuwa nataka kusema nini?

Mais alikuwa anagombana na huyu marehemu kama jirani. Anasimama mbele ya karatasi, mikono kiunoni. "Weye, kwako mayi inatoka mu kinywa ya samaki na hakuna mutu anasema kitu. Ulibaambia nini batu yako? Eh? Ulibaambia nini?" Juu hiyo njo ilikuwa shida yake. Kwa Kolege mayi ilitoka popote. Kwetu, kila fasi ya mwili iko na maneno yake.

Simba ule njo wa kwanza mi niliona. Aliwekwa ku robine ya karibu na kasoko, mayi inatoka mukinywa. Siku ya kufungua, shefu alisema maneno ya murefu, bamama banangoja na mabidoni, madumu yao ya mayi, kisha banafungua. Mama wa kwanza anakaribia, anainama, anaangalia mayi vile inatoka mukinywa, inamwagika ku kidevu. Anarudi nyuma.

"Eh! Anatapika!"

Ikaisha pale. Kasoko yote ilicheka mpaka nyanya zilianguka. Kutoka ile siku mayi ile iliitwa matapishi, na bamama walirudi kuchota ku chanzo, chini mu bonde. Muzee alijaribu kubaelezea: "Bamama, kule kwa Kolege mayi inatokaka mukinywa, na batu banakunywa!"

"Kolege wako hana bibi?" mama mumoja anauliza. "Angemuambia."

Kilichomaliza simba ni uso. Muzee aliapa hakumufwata mutu. Mais katoto kamoja ka masomo kalipita asubui, kakavua kofia mbele ya simba, kakasema, "Bonjour, shefu." Shefu mwenyewe alikuwa anasimama pale pale. Kabla ya midi, saa sita, bafundi wawili walikuja na nyundo. Nikabeba kichwa, nikairudisha ku moto, kamba ile ile. Iko mu lupango yetu mpaka leo, kuku inatagia mu kinywa.

Kisha kukawa mikono. Ku fasi ingine, karibu na masomo, Muzee alitosha ku ukuta mikono miwili mikubwa, imeungana kama ya mutu mwenye anaomba, na mayi inajaa mu viganja inamwagika. Ilikuwa muzuri sana, ata miye nilisema. Mais angalia: kwetu, mbele ya bugali, mutoto anakumwangia mayi ku mikono, inaanguka mu beseni, na ile mayi ya beseni inaenda inje. Hakuna mutu anaikunywa, ata kuku unaifukuza. Sasa bamama walifika, bakaona mayi inatoka ku mikono ya mutu.

"Hii mayi bameshanawia," walisema.

Walinawa, eh, walinawa sana! Kartie yote ilikuja kunawa. Wakati wa Ebola batu ya santé, ya afya, walifika na buti zao, bakapiga picha, bakamushika Muzee ku bega: "Bravo Papa, hii njo fasi ya kunawa mikono ya muzuri kuliko zote!" Muzee alibakimbia. Ilipita kidogo, camion ikarudi nyuma, ikavunja vidole vyote. Tangu siku ile hakuna mutu aliililia.

Ya tatu, katoto ka uchi kenye kukojoa mayi, kenye Muzee aliona pembeni ya kalandriye, alikasemea tu shefu kwa mudomo. Shefu alisema, "Muzee. Rudi nyumbani."

*

Usifikiri alikuwa mutu wa maana kila saa. Mutu mwenye alikuwa anatuambia kila siku tungoje ikauke, yeye mwenyewe hakuweza kungoja maharagi iive. Aliikula ngumu, inalia mu meno kama kokoto. Alienda misa kila asubui, mais ndani ya kanisa alikuwa anagombana na batakatifu. Nilimusikia anamunongoneza ile sanamu ya Mutakatifu Yozefu wa plâtre: "Weye hauna magoti. Banakuambia ukae, utafanya nini?" Na mutu wa masanamu ya mayi, nyumbani kwake mayi haikukuwa. Alikuwa anachota kwetu. Ku kunywa, hakunywaka mayi, hapana ata kidogo: paka chai, na ku yenga kasiksi, pombe ya ndizi. "Mayi ni ya kuangalia," anasema. "Kunywa, baachie bangombe." Na aliogopa chura. Kila fasi kuko mayi kuko chura, na yeye kila akiona moja anaruka na koti yake, mi nacheka mpaka nashika moto isianguke.

Mikono yake njo ilianza kumukimbia. Simenti ilikula ngozi, ikapasuka mpaka ku nyama. Asubui alikuwa anapaka mafuta ya mawese, anafunga na masachet, mifuko ya nailo, anavuta koti juu. Muganga alimuambia: ukiendelea na simenti, vidole itajifunga, hautafungua tena ata kifungo. Muzee alimujibu, "Moja tu." Muganga alifikiri anasema juu ya kidole.

Donc wakati komite ya mayi ya kartie moja ya Beni walimutafuta, tulijua wote hii njo ya mwisho. Ile kartie ilijaa batu benye walikimbia vita ku barabara ya Eringeti, na robine ilikuwa moja, foleni tangu asubui. Président wa komite alikuwa muchuuzi wa mbao, mutu mukubwa wa sauti, mais mutu wa kweli. Alikuja mwenyewe Butembo na picha mu telefone, anatuonyesha fasi. Banakaa mu nyumba ya Muzee, miye niko ku mulango.

"Tunataka mama iko analia," Président anasema. "Mayi itoke ku macho. Juu ya batu yetu benye walikufa."

Nilifikiri Muzee anaangalia masikio ya Président, mais safari hii hakuangalia masikio.

"Asubui bataamka," anasema, "batatuma mutoto achote nini?"

"Mayi."

"Machozi. Batapikia machozi maharagi. Bataosha nayo mutoto. Kila siku. Hapana, Président. Hiyo hapana."

"Basi itoke wapi?"

Muzee akaangalia kalandriye, kama Kolege atajibu.

"Nipatie siku kidogo."

Président akakubali, mais akaweka sharti yake, na hakumuficha: sanamu ikikatalisha batu kuchota mayi, ata siku moja, atavunja, ataweka tiyo na robine kama fasi zingine. "Muzee, mi sina ubaya. Mais batoto banachelewa masomo juu ya mayi."

"Ni haki," Muzee anasema.

*

Sasa ile siku kidogo njo nusu baniue.

Muzee alipanda moto, anasema, "Twende mupando ile ya soko, mais polepole." Nikaenda polepole. Mbele yetu mama mumoja anapanda na bidoni ku mugongo, kamba inapita ku kipaji, anainama vile bamama yetu banainamaka. "Mufwate," anasema. Nikamufwata. "Usimupite!" Nikabaki nyuma yake, moto inalia mu première, gia ya kwanza, Muzee amenyoosha shingo juu ya bega yangu. Mama anageuka. Anapanda mbio kidogo. Sisi pia. Anageuka tena.

"Munatafuta nini kwangu?"

"Hapana kitu, mama, endelea," Muzee anasema. "Endelea vile vile. Usisimame."

Wee! Mama akatua bidoni, akapiga kelele, "Bezi! Bezi hawa!" na batu wakatoka mu maboutique na mbao mukononi. Mi nilikuwa nasema, "Ni sanamu! Iko anataka sanamu!" na kila nikisema sanamu inakuwa mubaya zaidi. Kilichotuokoa ni mama mwenyewe. Alimuangalia Muzee, zile kope nyeupe. "Eeeh, si huyu mwenye simba ya kutapika?" Batu wakacheka, mbao ikarudi. Na Muzee, mutu amekaribia kupigwa, iko anaangalia chini. Bidoni ya yule mama ilikuwa inavuja. Ku kona ya chini, pale mabidoni yote inatobokaka juu ya kuburuzwa. Mayi ilikuwa inamwagika ku mavumbi.

"Mama, bidoni yako inavuja," Muzee anasema.

"Najua!" Akatosha kipande ya sabuni mu kona ya kikwembe, ile kitambaa anavaa kiunoni, akailainisha na vidole, akaziba tundu, akapanda na bidoni yake.

Nikarudisha Muzee nyumbani. Akashuka, akashika lupango yetu na mikono ya masachet.

"Nimepata fasi," anasema.

Ilikuwa rahisi mpaka ukasikia haya. Mayi hapana itoke ku mwili wa mutu. Itoke ku bidoni. Mama wa simenti iko anapanda, bidoni ku mugongo, bidoni inavuja, na weye unaweka yako chini. Mayi imeshachotwa, iko safi, iko mu bidoni! Nani atasema matapishi?

Nilimupeleka Beni, nikamuacha pale. Nilirudi kumuona mara mingi, na kila mara yule mama alikuwa ameota kidogo: miguu, kikwembe, kisha mugongo. Uso wake hakumuibia mutu. Alimuinamisha sana, ungepaswa kulala chini umuone. Mais mugongo ilikuwa ya kila mutu. Bamama walipita, mumoja anasema ni dada yangu, mwingine anasema hapana, ni miye. Siku ya kufungua walichota mayi bila kusema neno. Hakuna mutu alicheka. Bidoni moja, bidoni ingine, vile foleni inaendaka. Muzee alirudi Butembo nyuma yangu, na njia yote ya Beni hakusema Kolege ata mara moja.

Juma ile haikuisha, telefone ikalia. Président.

"Leta Muzee wako. Mayi haitoki. Ni mara ya tatu. Jana batoto hawakuenda masomo. Siku ya samedi navunja."

Ku njia Muzee alisema ni tiyo. Kisha anasema ni muchanga mu tiyo. Alijua, na miye nilijua: akivunjiwa hii, ile sanamu moja alikuwa anatafuta haitakuwako, na mikono ya kufanya ingine haiko.

*

Tulifika samedi ile, jua imeshapanda. Foleni ya mabidoni ilikuwa murefu, ya njano, ya bulu, bamama banakaa juu yao, banachoka. Président iko anasimama kando ya sanamu na nyundo. Hakukuwa ameanza. Alimuamkia Muzee vizuri, akamuonyesha tundu ku kona ya bidoni ya simenti.

"Angalia mwenyewe."

Muzee aliinama. Akaingiza kidole, akaitosha, akainusa. Akanipatia ninuse miye pia.

Sabuni.

"Asubui tunaitosha," Président anasema, "mangaribi imerudi. Nani anafanya hivi? Batoto? Nikimushika mimi..."

"Ni miye," anasema koko mumoja, mama muzee.

Alikuwa anatoka nyuma ya foleni, mudogo, bidoni yake ya mugongo ilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa wa kule Eringeti. Ku foleni walimujua. Akatua bidoni yake. Akafungua kona ya kikwembe, akatosha kipande ya sabuni ya bulu, na mbele yetu wote, mbele ya nyundo, akaanza kuilainisha na vidole.

"Koko!" Président analia. "Ile ni simenti! Hapana mutu!"

"Najua ni simenti. Mi hapana mupumbavu."

"Sasa unaziba nini?"

Koko alimuangalia kama vile mutu anaangalia mutoto mwenye aliuliza juu ya nini tunakula na mudomo.

"Weye unaweza pita ku mama iko amebeba, bidoni yake inavuja, unanyamaza? Unaenda zako?"

"Mais koko, mayi njo inapaswa kutoka pale!"

"Itoke. Mukichota, itoke. Mukimaliza munamuachaka vile, usiku muzima inamwagika ku miguu yake." Akaziba tundu, akagongagonga mugongo ya simenti na kiganja. "Pole, mama."

Kisha ku foleni mama kijana mumoja akaanza kucheka, na cheko ikapita ku mabidoni yote mpaka mwisho. "Ata miye nilishamuzibia," anasema. Mwingine anasema, "Yenga ilikuwa ni miye." Kumbe hakuwa mutu mumoja. Ilikuwa nusu ya foleni, kila mutu na sabuni yake, na walikuwa banafichana haya.

Président alikuwa bado na nyundo. Aliangalia foleni, akaangalia Muzee. "Sasa miye nifanye nini na hawa?"

Muzee angesema, ngoja ikauke. Nilikuwa nangojea aseme. Hakusema. Yule mama kijana njo alikuja, akatosha kibano ku nywele, akachokoa sabuni, mayi ikaruka, ikamulowesha mukono. Kipande ya sabuni akaiweka juu ya ukuta. "Wa asubui anatosha, wa mangaribi anaziba. Na hii sabuni batoto banawe nayo. Président, weka hiyo kitu chini, tuchote."

Président akaiweka chini. "Batoto bakichelewa tena masomo..." Mais alikuwa anaisemea nyundo.

Koko akajaza bidoni yake. Mbele ya kufunga kamba, akamuona Muzee pale, na masachet ku mikono, na zile kope. Hakumujua ni nani. Akafikiri ni mugonjwa. Akachota na kikombe ya plastique, akamupatia na mikono miwili.

"Kunywa, Papa."

Muzee akaangalia kikombe. Mi nikasema mu roho, sasa atasema mambo ya bangombe. Akaipokea na viganja, juu vidole havikufunga vizuri, akakunywa yote. Akakunja uso.

"Wasingya," anamushukuru koko. Kisha, ku sikio yangu: "Iko na ladha ya sabuni."

Ile njo mara ya mwisho nilimubeba. Nyuma ya pale mutoto wake mwanamuke, mwenye sikumujua, alikuja kumuchukua, akaenda naye Kanyabayonga, na ile karatasi ya kalandriye akaiacha kwa mama yangu. Mais ile siku, wakati tulikuwa tunatoka, nilisimamisha moto ku mupando, ageuke kuangalia. Chini kule, kutoka mbali, hauwezi kujua nani ni simenti na nani ni mutu. Bamama wote wameinama namna moja.

"Kolege," Muzee anasema nyuma yangu, "na shaba yake, na mafarasi yake, na wafalme yake."

Nikangoja.

"Hakuna mutu alimuzibiaka na sabuni."

Akagonga bega yangu, twende.